Kiuno Kwanza

Tangu Shebe ateguke bega, nyundo yake iligonga tindo bila kuizamisha mwambani. Msimamizi wa machimbo alishamwambia kwamba jiwe lisipopasuka leo, nafasi yake anapewa mwingine.

“Unapigana na nyundo, kaka!” alifoka Mwanakombo, mama aliyeponda kokoto pembeni. “Wacha mikono. Kiuno kwanza, kama ngomani!”

Wanaume wakaangua kicheko. “Mfungeni kanga basi!”

Shebe alikita miguu, akazungusha kiuno, mabega yakafuata, mikono ikaja mwisho, na nyundo ikazunguka na mpini wake mrefu kwa kasi ambayo hakuilazimisha. Tindo ikazama. Kicheko kikakatika. Usoni mwa mwamba, ufa mwembamba ulianza kupanda, ukimwaga vumbi.