Asiyejibu Ameridhika

Mkurugenzi alikuwa ameshafika ukurasa wa mwisho wa ripoti, na mtunga maswali bado amesimama.

Kampuni ilikuwa na programu ya simu ya kuita gari la wagonjwa. Kila aliyeita gari alitumiwa maswali baadaye: lilifika kwa wakati? Unatupa nyota ngapi? Na walikuwa na mtindo wao: asiyejibu mwezi mzima huhesabiwa ameridhika. Ndiyo maana mkurugenzi alibatizwa Bwana Asilimia, maana alama zake hazijawahi kushuka chini ya tisini.

"Mtu akikereka husema," alisema, akacheka mwenyewe. "Ukimkanyaga mtu kidole, atanyamaza?"

Mhasibu aliguna kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Akakaziwa macho, naye akainamia daftari lake.

Mtunga maswali alikuwa mgeni pale, wiki chache tu, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Mwili ulikuja kazini, ukaketi, ukaandika. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na hakuona haja ya kuuamsha. Alieleza taratibu, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine, kwamba swali zuri halimsukumi mtu kwenye jibu, na kwamba asiyejibu hajasema ndiyo wala hapana. Akaomba jambo moja tu: kabla mkataba wa kampuni wa kuendesha magari hayo haujaongezwa mchana ule, walio kimya wapigiwe simu. Ripoti ikipita ilivyo, magari yatabaki yale yale machache, yatachelewa vile vile, na atakayeita kesho atangoja.

Bwana Asilimia alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, jamani; alikuwa na haraka, na waliokuja kutia saini mkataba walishaanza kuandaliwa chai chumba cha pili.

"Dada, tusiandikie mate na wino ungalipo," alisema. "Chagua mmoja kati ya hao walionyamaza, yeyote umtakaye. Mpigie hapa hapa, tumsikie sote. Akilalamika, ripoti naichana kwa mkono wangu."

Mtunga maswali alivuta simu ya mezani. Orodha ilikuwa wazi kwenye kompyuta, lakini hakuitazama. Alibonyeza namba moja baada ya nyingine kama mtu anayefunga kamba za viatu, kisha akafungua spika.

Ikaita. Ikaita tena.

Mhasibu ndiye aliyegeuka kwanza. Simu nyingine ilikuwa ikilia mle mle chumbani, ndani ya mkoba wa mtunga maswali.

Mkurugenzi alikunja uso. "Sasa mbona unajipigia mwenyewe?"

Aliitoa, akaiweka juu ya ripoti, akaiacha ilie.

"Si yangu," alisema, kwa sauti ile ile. "Ni ya marehemu mume wangu. Ndiye aliyeita gari."