Toleo Tulivu

Kila mjane hupewa seva, kompyuta ya kuhifadhi akili ya marehemu mumewe, na ni yeye anayechagua aina ya Linux, mfumo wa kuiendesha. Fundi alimweleza Mwanakheri kwamba ipo inayojisasisha kila wiki, ila mume huweza kubadilika. Na ipo tulivu, isiyopokea jipya lolote.

"Nipe hiyo tulivu," alisema. "Namtaka vilevile alivyokuwa."

Mwaka uliofuata binti yao, Tunu, akafariki. Mwanakheri alimweleza mumewe, wakalia pamoja mpaka usingizi ukamchukua mjane. Asubuhi seva ikaita kwa bashasha: "Mama Tunu, mtoto ameamka?"

Akamweleza upya, wakalia upya. Kulipokucha, swali likawa lilelile.

Siku hizi humjibu tu, "Bado amelala, Baba Tunu."

"Basi mfunike vizuri," husema mumewe. "Leo kuna baridi."