Kijiko cha Samli

Fundi cherehani alikuwa amekiinua kijiko cha samli juu ya sufuria ya maharage. Bintiye, aliyeapa kutokula chochote kitokanacho na mnyama, alikuwa njiani. Hakuwa amekula kwa mama yake tangu agundue mchuzi wa nyama kwenye kunde.

"Kimoja tu, hatajua," mama alijisemea.

"Mama, hicho kijiko kinakwenda wapi?"

Alishtuka. Simu aliyoiegemeza kwenye kopo la sukari walipokuwa wakiongea kwa video ilikuwa bado hewani, na uso wa binti ulikuwa umejaa kwenye kioo.

"Masimu yenu haya ni mashushushu!" alifoka. "Unakata, hayakatiki!"

"Uliniahidi, mama."

Samli ilianza kuchuruzika. Mama alitazama sufuria, akatazama simu, akafumba macho na kukitia kijiko kizima kinywani mwake.

"Dawa ya kifua," alisema, midomo ikimeremeta. "Njoo, mwanangu. Maharage yako yako salama."