Kura ya Asumini

Siku mji ulipopigia kura kodi ya majengo ili shule ijengewe madarasa, Asumini aliwahi foleni kabla jua halijachomoza. Binti yake, Riziki, alikuwa akisomea chini ya turubai. Asumini akapiga kura ya ndiyo, na ndiyo ikashinda.

Haukupita muda, mwenye nyumba wake, Mzee Kitwana, akaja kubisha hodi.

"Mama Riziki, hii kodi ya majengo imenikaba. Pango nalo linapanda."

"Mzee wangu, mimi nitaitoa wapi pesa hiyo?"

"Si mliipigia kura wenyewe?"

Asumini akafungasha vyombo, akahamia ng'ambo ya mto, nje ya mpaka wa mji. Hata hivyo, siku madarasa yalipofunguliwa alimleta Riziki.

"Pole, dada," mwalimu mkuu alimwambia mlangoni. "Tunapokea watoto wa mjini tu."

"Madarasa haya niliyapigia kura mimi."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. Asumini akachungulia ndani amwite binti yake. Riziki alikuwa ameshaingia, amekaa kwenye dawati la mbele, akilipapasa kwa kiganja huku akisubiri wafundishwe.