Bomba la Usukani

"Utumbo huu nao wa nini?" Ngalula aliuliza, akiligusa bomba kwa ncha ya kiatu. "Ng'oa. Nataka rejeta kubwa, kama ya magari ya mashindano."

Bomba lilikuwa jembamba, limekunjwa mbele ya injini.

"Linapoza mafuta ya usukani," alisema fundi Mashavu. "Na leo unapanda mlima. Kona arobaini. Mafuta yakichemka, usukani utakuwa mzito kama jiwe."

"Mama, kazi yako ni spana. Udereva niachie mimi." Akamgeukia mkewe, Tausi, aliyekuwa kwenye kiti cha mbele cha gari, ili wacheke pamoja. Tausi hakucheka.

Mashavu naye hakubishana. Wanaume wenye miwani myeusi kama huyu alishaacha kuwafundisha. Akang'oa bomba, akaunganisha mipira, akafunga rejeta. Kisha, kama ilivyo desturi ya gereji yake, akaandika jina la mwenye gari kwa chaki ukutani na kulitundika bomba hapo. Vyuma ambavyo wenyewe hawakuvirudia vilikuwa juu, karibu na dari. Cha Ngalula alikitundika chini, kando ya mlango.

"Mbona hapo?"

"Ukirudi, nisihangaike na ngazi."

Ngalula akasonya, akaingia garini, akakanyaga mafuta gari likiwa bado limesimama, mpaka mtaa mzima ukageuka kutazama. Mlango wa pili ukafunguka. Tausi alishuka na mkoba wake, akaketi kwenye benchi, chini ya bomba lililokuwa bado linadondosha mafuta mekundu.

"Fundi," aliuliza, "basi la mlimani hupita saa ngapi?"