Jina la Kuandika Kabla ya Nusukaputi

Daktari wa usingizi alituwekea chupa mbili mezani. Dawa ya mvuke haigusi kumbukumbu, alisema, ila moyo wa mama usingeistahimili. Ile nyeupe kama maziwa ingemlaza salama hadi upasuaji uishe, lakini, kama kila mtu ajuavyo, huondoka na mtu mmoja katika kumbukumbu za mgonjwa. Jina huandikwa na ndugu.

"Mwandike baba yako," mama aliniambia. "Mwenyewe keshatangulia, hatanuna."

Nilishika kalamu. Miaka sita sasa, kila Ijumaa, mama huipiga pasi kanzu ya marehemu na kuitundika mlangoni. Nilishindwa kumzika baba mara ya pili. Nikaandika jina langu, Siwatu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu nilimlisha uji, kijiko kwa kijiko, nikamfuta kidevu.

"Ahsante, binti," alisema kwa upole. "Mimi na mume wangu Mungu hakutujaalia mtoto. Mama yako yu hai?"

"Yu hai," nilijibu, nikaupuliza uji upoe.