Maji ya Golikipa

Enzi wanyama walipokuwa bado wanacheza kandanda, maji ya mapumziko alianza kunywa Swala, kiungo aliyekimbia uwanja mzima. Kiboko, golikipa wao, aliachiwa ya mwisho.

"Wewe mwenzetu unasimama tu," Swala alimwambia.

"Basi leo tubadilishane, ndugu yangu."

Swala akaingia golini akicheka. Mpira ulipokawia, miguu ikaanza kumwasha, akaufuata hadi katikati. Nyani wa timu pinzani akaupiga juu ya kichwa chake, ukatumbukia katika goli tupu. Kiboko naye alikuwa amejilaza uwanjani, anahema.

Swala akampelekea kibuyu kwa aibu. "Anza wewe, umekimbia."

Kiboko akakirudisha. "Anza wewe. Mimi najua kusimama kunavyochosha."